Kanzidata Ishike Kanuni, Kurasa Iwaachie Wengine

Mhudumu wa afya ya jamii nchini Kenya akimaliza kumpima mtoto na kujaza taarifa zake kwenye simu, hana haja ya kutafuta mtandao saa ile ile. Taarifa inabaki ndani ya simu. Baadaye akifika penye mtandao, simu na seva zinaulizana nani ana nini, zinapeana kilichopungua kila upande, kazi inakwisha. Septemba 2023, serikali ya Kenya ilipowakabidhi vifaa wahudumu hao wanaofikia laki moja, mfumo uliokusudiwa kubeba taarifa zao ulikuwa eCHIS, uliojengwa juu ya programu huria ya Community Health Toolkit. Uganda nayo imejenga mfumo wake wa afya ya jamii juu ya programu hiyo hiyo. Ukishuka hadi chini kabisa unakuta kanzidata iitwayo CouchDB, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya, maana walioibuni walivunja mwiko mkubwa wa fani yao: waliifanya kanzidata yenyewe iwe seva ya wavuti.

Mwiko huo umezua mabishano ya miaka mingi. Upande mmoja wako wanaosema kanzidata itunze data, basi. Kupokea maombi ya watumiaji, kutambua nani ni nani, kuandaa kurasa na fomu, hayo yote yafanywe na programu nyingine inayokaa katikati, na mtumiaji asikutane na kanzidata hata siku moja. Upande wa pili wanauliza kwa nini tujenge tabaka nne au tano za programu ili kuonyesha orodha ya wanafunzi kwenye kivinjari, ilhali kanzidata tayari inawajua wanafunzi wote, inajua kuhesabu, na inaweza kuambiwa nani aone nini.

Kwa maoni yangu swali lenyewe limeulizwa kwa jumla mno. Zinazoitwa huduma za wavuti ni vitu vingi vilivyofungwa mzigo mmoja, na historia ya miaka thelathini imeshaufungua mzigo huo ikatuonyesha kipi kikae ndani na kipi kitolewe. Kigezo ni umri. Data ya wagonjwa, ya viwanja au ya mikopo huishi miaka mingi kuliko programu yoyote inayoisoma. Chochote chenye umri sawa na data, yaani kanuni za usahihi, ruhusa za kuona na kuandika, na namna data inavyonakiliwa kutoka mashine moja hadi nyingine, kikae ndani ya kanzidata. Chochote kinachobadilika kila msimu, yaani kurasa, fomu na mapambo yake, kikae nje.

Hamu ya kumaliza yote mahali pamoja

Wazo la kanzidata inayojitosheleza si la jana. Lotus Notes, iliyotoka 1989, iliweka nyaraka za ofisi ndani ya kanzidata zilizonakiliana kati ya tawi na tawi, hata pale ambapo laini ya simu iliunganishwa mara chache tu kwa siku. Fomu za kujazia zilikuwa humo humo. Wavuti ilipopamba moto, mwaka 1996 seva yake ikapewa jina la Domino na uwezo wa kuzitoa nyaraka hizo moja kwa moja kwenye kivinjari. Oracle nao, katikati ya miaka ya 1990, waliiwezesha PL/SQL, lugha yao ya ndani ya kanzidata, kuandika kurasa za HTML. Mwaka 2004 wakatoa HTML DB, ambayo 2006 ilibadilishwa jina ikawa Application Express, maarufu kama APEX. Ndani ya APEX, maelezo ya kila ukurasa na kila kitufe yanatunzwa kwenye majedwali ya kanzidata, sawasawa na data yenyewe. Microsoft hawakubaki nyuma: SQL Server ya 2005 ilikuja na uwezo wa kupokea maombi ya HTTP bila kupitia seva nyingine yoyote.

Damien Katz, aliyewahi kufanya kazi kwenye Notes, alianza kuiandika CouchDB mwaka 2005. Alichukua tabia ile ya Notes ya kunakiliana akaiunganisha na lugha ya wavuti. Kila waraka ndani ya CouchDB una anwani yake. Ukiutaka unauomba kwa amri ya GET, ile ile ambayo kivinjari hutumia kufungua ukurasa wa gazeti. Ukitaka kuuandika unatumia PUT. Mwaka 2008 ikapandishwa kuwa mradi kamili wa Apache, na toleo la 1.0 likatoka Julai 2010. Kwa kuwa tayari ilikuwa inazungumza na kivinjari bila mkalimani, wapenzi wake wakasogea hatua moja zaidi: mbona na kurasa zenyewe zisikae humo? Mifumo ya namna hiyo ikaitwa CouchApp. HTML, picha na JavaScript viliambatishwa kwenye waraka maalumu, kanzidata ikawa inavitoa yenyewe. Ukiinakili kanzidata kwenye kompyuta nyingine, umehamisha data na mfumo mzima kwa mkupuo mmoja.

Anayezijua ofisi zetu hawezi kuwacheka watu hawa. Afisa TEHAMA wa halmashauri mara nyingi ni mmoja, na huyo huyo ndiye anayeitwa printa ikigoma. Ukimkabidhi mfumo wenye kanzidata, seva ya programu, seva ya wavuti na rundo la maktaba za JavaScript zilizokusanywa huku na kule, kila kimoja kina masasisho yake, nywila zake na namna yake ya kugoma. Mkandarasi akimaliza mkataba, na yule aliyeelewa tabaka la katikati akahamishwa kituo, tabaka hilo linabaki yatima. Lakini mtu anayeijua SQL vizuri anaweza, kwa APEX, kupata fomu ya kusajili mali za ofisi ndani ya siku chache bila kumpigia mtu magoti. Kwa ofisi yenye watumiaji ishirini ndani ya jengo moja, sioni sababu ya kumzuia.

Kurasa zilivyotolewa nje

Shida inaanza pale mlango unapofunguliwa kwa umma, na mfano mkubwa kuliko yote ni npm, hazina ambayo waandishi wa JavaScript duniani kote huchukua humo vifurushi vya programu. Ilianza ikiwa CouchApp. CouchDB ilitunza taarifa za vifurushi, ikatunza na mafaili ya vifurushi vyenyewe kama viambatisho, na ikawajibu wateja yenyewe. Kwa miaka ya mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Mwishoni mwa 2013, watumiaji walipokuwa wamefurika, hazina ikawa inaanguka mara kwa mara hadi Nodejitsu, kampuni iliyokuwa ikiiendesha, ikaanzisha harambee ya kuomba michango ya kuiimarisha.

Dawa iliyotumika ina somo ndani yake. Mafaili yaliondolewa kwenye CouchDB yakapelekwa kwenye seva za usambazaji zilizotapakaa duniani, na ndani ya kanzidata zikabaki taarifa tu. Kunakiliana hakukuguswa. Aliyetaka nakala yake ya orodha ya vifurushi aliendelea kuifuata CouchDB kama zamani, akipokea kila badiliko lilipotokea.

Sababu yake inaeleweka ukitazama kazi zenyewe. Faili lisilobadilika unaweza kuliweka kwenye seva mia moja, na hakuna hata moja itakayohitaji kuiuliza nyingine chochote. Kanzidata haiwezi kutawanywa kirahisi hivyo, kwa kuwa inatakiwa kuwa na jibu moja la kweli: salio ni kiasi gani, kiwanja ni cha nani. Ndiyo maana ni sehemu ya mfumo iliyo ngumu na ghali kuliko zote kuiongezea nguvu. Kila picha inayoitoa imekula kumbukumbu na muda wa diski uliopaswa kuandika muamala wa mtu. PostgreSQL, kwa mfano, huanzisha mchakato kamili kwa kila muunganisho, na ikisakinishwa bila kuguswa hukubali miunganisho 100 tu. Kuitumia nguvu hiyo adimu kutoa nembo ya shirika na rangi za menyu ni matumizi mabaya.

Wengine walifika huko huko kwa njia zao. Microsoft walitangaza katika toleo la 2008 kwamba huduma ile ya HTTP iko njiani kuondolewa, na toleo la 2012 likaja bila hiyo. Oracle waliwahi kupachika lango la wavuti ndani ya kanzidata yenyewe, kisha wao wenyewe wakashauri lisitumike kwa programu za intaneti. Siku hizi mbele ya APEX husimama ORDS, programu ya Java inayojitegemea. Na CouchDB, mama wa CouchApp, ilipotoa toleo la 3.0 mwaka 2020 iliwatahadharisha watumiaji kwamba vipengele vya kutengenezea kurasa ndani ya kanzidata vimepitwa na wakati na vitaondolewa. Makampuni na miradi yenye falsafa tofauti kiasi hicho yakifikia uamuzi mmoja bila kukaa kikao, ni vizuri kusikiliza.

Kuna na suala la usalama. Tarehe 25 Januari 2003 mnyoo wa kompyuta ulioitwa Slammer, wenye baiti 376 tu, ulipenya kwenye SQL Server kupitia huduma ndogo ambayo kazi yake ilikuwa kuwaelekeza wanaouliza ni mlango gani wa kuingilia. Huduma ile haikutunza hata herufi moja ya data. Ndani ya dakika kumi mnyoo ulikuwa umeshaziambukiza karibu mashine zote zilizokuwa wazi kwake, na hesabu iliyotolewa baadaye ilikuwa angalau 75,000. Kiraka cha kuzibia tundu hilo kilikuwa kimetolewa tangu Julai 2002. Wengi hawakuwa wamekiweka. Kila huduma unayoiongeza kwenye kanzidata na kuiacha isikilize mtandao ni tundu jingine la kukumbuka kuliziba, na kanzidata ni mahali ambapo hasara ya kusahau ni kubwa kuliko pengine popote.

Kanuni zikikaa nje, zinarukwa

Hadi hapa wale wa upande wa kwanza watakuwa wanatabasamu. Mshika mawili moja humponyoka, watasema. Kanzidata itunze data, kanuni zote zikae kwenye programu. Hapo ndipo ninapoachana nao.

Chukua shule inayopokea ada kwa simu. Mzazi analipa, kampuni ya simu inatuma taarifa kwenye mfumo wa shule ikiwa na namba ya muamala. Mfumo ukichelewa kujibu, taarifa ile ile inaweza kutumwa tena, maana mtumaji hana njia ya kujua kama ya kwanza ilifika. Mwandishi wa programu ni mtu makini, ameliona hilo. Ameandika: kabla ya kuingiza malipo, angalia kama namba hii ya muamala tayari ipo, kama haipo, ingiza. Kwenye majaribio inafanya kazi bila kasoro. Siku ya kufungua shule, mfumo umeelemewa, taarifa mbili za malipo yale yale zinapokelewa kwa wakati mmoja na nakala mbili za programu. Ya kwanza inauliza kama namba ipo, inajibiwa haipo. Ya pili inauliza kabla ya ya kwanza kuandika, nayo inajibiwa haipo. Zote mbili zinaandika. Daftari linasema mzazi amelipa mara mbili, na mhasibu ataligundua hilo mwisho wa muhula, kama ataligundua.

Mstari mmoja ndani ya kanzidata, unaosema namba ya muamala isijirudie katika jedwali hili, unamaliza jambo. Taarifa ya pili itakataliwa hata zikipishana kwa sekunde iliyogawanywa mara elfu, kwa sababu kanzidata ndiyo pekee inayoziona zote. Programu haiwezi kutoa ahadi hiyo kwa kuwa haijui kinachoendelea kwenye nakala nyingine ya programu, sembuse kwenye programu tofauti kabisa.

Na programu tofauti ndiyo hali halisi yetu. Data ile ile inaguswa na tovuti, na menyu ya USSD, na programu ya simu, na faili la Excel linalopakiwa na karani kila Ijumaa, na fundi anayeingia moja kwa moja kusahihisha jina lililokosewa. Kanuni iliyoandikwa kwenye PHP ya tovuti haimzuii hata mmoja kati ya hao wengine. Baada ya miaka mitano tovuti itaandikwa upya kwa lugha nyingine na mkandarasi mwingine, ambaye kanuni hizo atazigundua moja baada ya nyingine, kwa kuvunja.

Wapinzani wana hoja moja nzito hapa: kanuni zikiandikwa ndani ya kanzidata, unafungwa na kampuni iliyoitengeneza, na kuhama kunakuwa kazi. Ni kweli. Lakini majedwali yenyewe, aina za data zake na maswali yote ya SQL tayari yameshakufunga kwa kiasi, na wanaohama kanzidata ni wachache mno ukilinganisha na wanaobadilisha tovuti. Kwa kanuni, gharama hiyo inalipika. Kwa kurasa hailipiki, kwa kuwa mwenye kurasa zake zote ndani ya APEX hana mahali pengine pa kuzipeleka.

Ruhusa ifike kwenye mstari

Kanuni nzito kuliko zote ni ile ya nani aone nini. Kwa muda mrefu mifumo mingi imekuwa ikiingia kwenye kanzidata kwa jina moja lenye mamlaka yote, kisha programu ndiyo inayochuja. Kosa moja kwenye kuchuja, na daktari wa Kisumu anaona faili la mgonjwa wa Garissa. PostgreSQL ilipotoa toleo la 9.5 mwanzoni mwa 2016, ilikuja na uwezo wa kuweka ruhusa kwa kila mstari wa jedwali. Unaandika mara moja kwamba mwalimu aone mistari ya wanafunzi wa darasa lake tu, na kuanzia hapo hata akiuliza orodha ya shule nzima, anarudishiwa darasa lake. Haijalishi ameingia kwa tovuti au kwa simu.

Uwezo huo ndio ulioipa nguvu PostgREST, programu iliyoanza 2014 ambayo huyasoma majedwali ya PostgreSQL na kuyafungulia njia ya HTTP bila mtu kuandika tabaka la katikati. Mwaka 2020 ikaanzishwa Supabase, iliyoifanya njia hiyo kuwa biashara. Angalia kilichorudi: kivinjari kinazungumza na kanzidata karibu moja kwa moja, kama alivyotaka Katz. Ila safari hii kurasa hazimo ndani, zinakaa kwenye seva zao za bei nafuu, na kinachopokea HTTP ni programu ndogo iliyosimama mbele ya kanzidata.

Njia hii nayo ina hatari yake, na ni wajibu kuisema waziwazi. Ukurasa wa mfumo wa namna hii hubeba ufunguo wa umma ambao mtu yeyote anaweza kuuona kwa kufungua zana za kivinjari chake. Ufunguo huo si siri na haukukusudiwa kuwa siri, kwa sababu ulinzi wote umewekwa kwenye kanuni za mistari. Sasa mtengenezaji akisahau kuziwasha kanuni hizo kwenye jedwali la wateja, mtu akituma ombi moja la GET kwa ufunguo ule atapokea majina, barua pepe na namba za simu za wote. Mei 2025 ilitangazwa hitilafu iliyosajiliwa kwa namba CVE-2025-48757, inayohusu programu zilizotengenezwa kwa akili mnemba kupitia jukwaa la Lovable zikitumia Supabase. Kati ya programu 1,645 zilizochunguzwa, 170 zilikutwa zikiachia data kwa namna hiyo. Huenda waliozitengeneza wengi wao hawakujua kwamba kuna kitu cha kuwasha.

Msomaji anaweza kusema: si unaona, kanzidata isikaribie mtandao. Mimi nasoma somo jingine. Kosa ni kuacha wazi kitu kilichopaswa kuja kimefungwa. Januari 2017 maelfu ya kanzidata za MongoDB zilizoachwa mtandaoni bila nywila zilifutwa na wahalifu, wakaacha ujumbe wa kudai bitcoin. Mwaka huo huo toleo la 3.6 likatoka likiwa halisikilizi mtandao wa nje hadi uliamuru. CouchDB kwa miaka mingi ilisakinishwa ikimpa kila anayefika mamlaka ya msimamizi mkuu, mpaka toleo la 3.0 la 2020 lilipokataa kuwaka bila nywila ya msimamizi. Hayo ni marekebisho ya waliojifunza kwa machungu. Jedwali jipya lije limefungwa, na anayetaka kulifungua aandike kwa mkono wake kwamba analifungua kwa nani.

Simu ya mhudumu ina jibu

Turudi kwenye mfumo wa wahudumu wa afya, kwa kuwa ndani yake mabishano haya yote yamepita yakaacha alama. Medic, shirika linaloongoza ujenzi wa Community Health Toolkit, lilianza na mtindo wa CouchApp, kurasa zikiwa ndani ya CouchDB. Leo mbele ya kanzidata imesimama programu ya Node.js inayotambua watumiaji na kutoa kurasa, na pembeni ipo nyingine inayofuatilia kila badiliko na kutekeleza kazi zinazolifuata. Ndani ya simu kuna PouchDB, maktaba ya JavaScript inayojua kunakiliana kwa lugha ile ile ya CouchDB. Kurasa zilitoka nje, kunakiliana kukabaki, sawasawa na ilivyokuwa kwa npm.

Kunakiliana huko kuna thamani gani? Chukua waraka wa kaya moja ambao mhudumu ameubadilisha kijijini bila mtandao, na siku hiyo hiyo msimamizi wake akaubadilisha kwa simu yake. Mfumo wa kawaida humwacha wa mwisho kufika amfute wa kwanza, na hakuna atakayejua. CouchDB hutunza matoleo yote mawili. Kwa kanuni iliyo sawa kwenye kila mashine, huchagua moja la kuonyesha, hivyo simu na seva zinakubaliana bila kuulizana, na lile lililoshindwa linabaki mpaka mtu au programu iamue. Kuandika kitu hicho upya kwenye tabaka la katikati ni kazi ambayo timu nyingi zimeijaribu zikaishia kupoteza data. Huu ni uwezo wa wavuti, unapita kwenye HTTP, na mahali pake ni ndani ya kanzidata kabisa.

Lakini lango lile la Node.js lipo pia kwa sababu ya upungufu. Ruhusa ya kusoma katika CouchDB hutolewa kwa kanzidata nzima. Aliyeruhusiwa kusoma waraka mmoja ameruhusiwa kusoma zote. Kwa taarifa za mimba na UKIMWI hilo haliwezekani hata kidogo. Kwa hiyo lango ndilo linalopiga hesabu ya nyaraka zipi ni za kaya zilizo chini ya mhudumu huyu, na kuzipeleka hizo tu kwenye simu yake. Kazi hiyo ni nzito kwa seva na kwa simu pia, kiasi kwamba watengenezaji wanashauri mtumiaji mmoja asizidi nyaraka 10,000. Ruhusa ingekuwa ndani ya kanzidata hadi ngazi ya waraka, lango lingebaki na kazi nyepesi ya kutambua watu na kuzuia fujo.

Ndiyo maana nasema nguvu iliyotumika miaka ile kuifundisha kanzidata kuandika HTML ingetumika kuifundisha ruhusa. Hata leo wanaojenga kanzidata wanapotafuta cha kuongeza, ningependa waanzie hapo: ruhusa hadi kwenye mstari na waraka, kunakiliana na kifaa kisicho na mtandao, na kumbukumbu ya nani alisoma nini na lini. Sheria nazo zinatusukuma huko. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na ukitaka kuonyesha kwamba umelinda taarifa za watu, ni rahisi zaidi kuonyesha kanuni iliyoandikwa mahali pamoja kuliko kumpitisha mkaguzi kwenye programu tano akitafuta kila panapochujwa.

Wanaoamua mambo haya kwetu mara nyingi si wahandisi. Ni kamati za zabuni, wakurugenzi, bodi za SACCOS na wakuu wa shule, ambao huonyeshwa kurasa nzuri kwenye projekta na kuulizwa kama wamependezwa. Wakati mwingine waulize mambo matatu. Programu hii ikitupwa kesho na nyingine ikaandikwa, ni kanuni zipi zitabaki zinalinda data yetu? Mtu akiikwepa tovuti na kuomba data moja kwa moja, ataona nini? Mtandao ukikatika siku nzima vijijini, kazi iliyofanyika huko itarudi vipi bila kufuta ya mwingine? Mkandarasi asiyeweza kuyajibu kwa kufungua kanzidata yake na kuonyesha asipewe kazi, hata kama kurasa zake zinavutia kuliko za wenzake wote.